Joseph Schaitberger: Mchimba Chumvi Aliyelichunga Kundi kwa Barua



Kamati ya kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 100 iliniomba niandike habari za maisha ya Mkristo mmoja wa zamani, ambaye mfano wake waweza kutufaa tunapoimaliza karne moja ya usharika wetu na kuianza nyingine. Yamkini wengi walitarajia kwamba mchungaji aliyesomea chuo cha theolojia atamchagua mwalimu mkuu wa Kanisa, au askofu, au mmisionari. Nimemchagua mchimba chumvi.

Sababu yangu ni hii. Kila tunaposimulia habari za Kanisa la Kilutheri katika nchi yetu, tunafika kwenye miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na ile iliyofuata, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa na makundi mengi yakabaki bila mchungaji. Waliolilinda Kanisa wakati huo walikuwa walimu, wainjilisti, akina mama na wazee, watu ambao hawakuwa na joho wala daraja. Walikuwa na Biblia, Katekisimu na nyimbo. Joseph Schaitberger alikuwa mtu wa namna hiyo, zaidi ya miaka 200 kabla yao, katika nchi ya mbali. Hakubarikiwa kuwa mchungaji, lakini maelfu ya watu walilishwa naye. Tena gharama aliyoilipa ni kubwa kiasi kwamba hadi leo mzazi yeyote akiisoma husita na kujiuliza kama yeye angeiweza.

MLIMA WA CHUMVI MPAKANI

Katika nchi ya Austria, kusini kidogo mwa jiji la Salzburg na karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani, upo mji mdogo uitwao Hallein. Mji huo si mgeni kabisa kwetu, hata kama hatujapata kulisikia jina lake. Franz Xaver Gruber, aliyetunga sauti ya ule wimbo wa usiku mtakatifu tunaouimba kila mkesha wa Noeli, alisimamia muziki wa kanisa mjini hapo tangu mwaka 1835 hadi alipofariki mwaka 1863, na kaburi lake lipo karibu na kanisa la mji huo.

Juu ya Hallein kuna mlima uitwao Dürrnberg, na ndani yake kuna chumvi iliyochimbwa tangu karne kadhaa kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Katika siku za Schaitberger wachimbaji walitoboa mahandaki, wakachonga vyumba vikubwa ndani ya mwamba, kisha wakaviingizia maji matamu. Maji yalikaa humo yakiiyeyusha chumvi mpaka yakashiba, ndipo yalipoteremshwa kwa mabomba ya mbao hadi Hallein. Huko yalichemshwa katika masufuria makubwa mno ya chuma hata ikabaki chumvi nyeupe. Kuni zilishushwa kwa kuelea juu ya mto Salzach, na chumvi ikasafirishwa kwa mashua kwenda nchi za mbali. Wasomaji waliowahi kufika Uvinza, mkoani Kigoma, watautambua utaratibu huo, maana huko nako watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa kuni tangu enzi za mababu.

Wakati ule Salzburg haikuwa sehemu ya Austria. Ilikuwa nchi yenye mtawala wake ndani ya Dola Takatifu la Rumi, na mtawala huyo alikuwa Askofu Mkuu, aliyeshika kwa mkono mmoja fimbo ya kichungaji na kwa mkono mwingine upanga wa serikali. Fedha za chumvi zilijaza hazina yake. Makanisa na majumba ya fahari ambayo wageni huyastaajabia Salzburg hata leo yalijengwa kwa sehemu kubwa kwa jasho la watu wa Dürrnberg.

Ng'ambo ya mlima kulikuwa na nchi nyingine ndogo, Berchtesgaden, nayo ikitawaliwa na viongozi wa Kanisa na kuchimba chumvi yake. Leo Berchtesgaden ni sehemu ya Ujerumani, na mpaka wa mataifa mawili unapita juu ya mlima huo. Mwaka 1829 Bavaria na Austria zilitiliana saini mkataba ulioruhusu wachimbaji wa Hallein waifuate chumvi chini ya ardhi hata upande wa pili wa mpaka. Uzalishaji ulikoma mwaka 1989, lakini wageni wanaotembezwa ndani ya mgodi huo wa kale huvuka mpaka wakiwa chini ya ardhi. Nimelitaja jambo hilo kwa kuwa maisha yote ya Schaitberger yalikuwa maisha ya mpakani: kuna mpaka uliomtenga na watu wake, na kuna njia za chini kwa chini ambazo Neno la Mungu lilipitia.

KUZALIWA NA MALEZI

Joseph Schaitberger alizaliwa Dürrnberg tarehe 19 Machi 1658, miaka 10 baada ya Mkataba wa Amani wa Westphalia uliovimaliza vita vya miaka 30. Mkataba huo ulimwachia kila mtawala aamue dini ya nchi yake. Hata hivyo, uliwapa raia wa imani nyingine iliyotambuliwa haki ya kuhama pamoja na jamaa zao na kuuza mali zao kwa muda wa kutosha. Msomaji aikumbuke haki hiyo, maana habari inayofuata inaihusu.

Mafundisho ya Martin Luther yalikuwa yamefika katika milima ya Salzburg tangu karne ya 16. Watawala walijitahidi kuyang'oa, lakini wachimba chumvi hawakuwa watu rahisi kufukuzwa. Kazi yao ilihitaji ujuzi wa miaka mingi, na hazina ya mtawala iliwategemea. Kwa hiyo palitokea hali ya ajabu iliyodumu vizazi kadhaa. Mchana watu walikwenda misa, wakabatizwa, wakafunga ndoa na kuzikwa kwa taratibu za Kanisa Katoliki. Usiku jamaa kadhaa walikusanyika katika nyumba moja, milango ikafungwa, na yule aliyejua kusoma akawasomea wenzake Biblia au kitabu cha mahubiri cha Luther. Baada ya kusoma, vitabu vilirudishwa mafichoni, chini ya sakafu au ndani ya nyasi za zizini. Mchungaji hawakuwa naye. Kitabu na msomaji ndivyo vilivyokuwa kanisa lao.

Wazazi wa Joseph walikuwa miongoni mwa hao Walutheri wa siri. Alijifunza kusoma na kuandika tangu ujana wake, elimu ambayo kwa kijana wa mgodini haikuwa ndogo. Aliingia mgodini kama wanaume wengine wa kijiji chake, akashika taa na sururu. Mwaka 1683 alimwoa Magdalena, binti wa upande wa Berchtesgaden, na Mungu akawajalia mabinti wawili. Akiwa bado kijana alikwisha kuwa mmoja wa wasomaji ambao wenzao waliwategemea, na hatimaye akawa msemaji wao.

KUKAMATWA NA KUHOJIWA

Dhoruba ilianzia katika bonde la Defereggen, lililokuwa pia chini ya utawala wa Salzburg. Mwaka 1684 Askofu Mkuu Max Gandolf von Kuenburg aliamuru Walutheri waliogunduliwa huko waondoke nchini. Waliondoka mamia kwa mamia, tena wakati wa baridi kali. Jambo lililowashtua hata watawala wa Kiprotestanti wa Ujerumani ni kwamba watoto wao walizuiliwa, ili walelewe katika dini ya nchi. Malalamiko yalipelekwa, na Mkataba wa Westphalia ukatajwa. Jibu la Salzburg lilikuwa kwamba watu hao hawakuwa Walutheri wa kweli bali wafuasi wa madhehebu mapya yasiyotambuliwa na sheria, na kwa hiyo mkataba haukuwahusu.

Kisha uchunguzi ukapanda Dürrnberg. Schaitberger na wenzake waliitwa, wakaulizwa juu ya imani yao, wakapelekwa katika ngome kubwa ya Hohensalzburg inayotazama jiji kutoka juu ya kilima. Walifungwa huko kwa wiki nyingi, huku mapadre wakitumwa kuwashawishi. Njia ya kutoka ilikuwa wazi na nyepesi. Ilitosha kukana, kutia saini na kurudi nyumbani kwa mke, watoto na kazi.

Wachimba chumvi hao hawakuichukua njia hiyo. Walitakiwa kueleza imani yao kwa maandishi, na Schaitberger akawa mwandishi wao. Alieleza kwamba wao walishika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 pamoja na mafundisho ya Luther. Hapo ndipo tunapouona uzito wa tendo lake. Kwa miaka mingi jamaa zake walikuwa wameishi kwa kuficha. Sasa mtu mmoja wa mgodini aliweka jina lao hadharani, na kwa tendo hilo akaibomoa hoja kwamba wao hawakuwa Walutheri. Alidai waziwazi kuwa ndani ya ile haki ambayo sheria iliwapa watu wa Ungamo hilo.

Haki hiyo hakupewa. Walipotolewa ngomeni walipoteza kazi na makazi, wakaadhibiwa kwa kazi ngumu na chakula cha mkate na maji, na walipokataa tena kugeuka wakaamriwa waondoke nchini. Ilikuwa mwaka 1686, na Schaitberger alikuwa na umri wa miaka 28.

MABINTI WAWILI

Joseph na Magdalena waliondoka Dürrnberg pasipo watoto wao. Mabinti wawili walizuiliwa na wakuu wa nchi ili walelewe katika dini ya Kikatoliki, kama ilivyofanyika Defereggen.

Katika utumishi wangu nimewauliza wazazi wengi mbele ya kisima cha ubatizo kama wataahidi kumlea mtoto katika imani ya Kikristo, nao wamenijibu kwa sauti moja kwamba wataahidi. Kila nikiifikia sehemu hii ya maisha ya Schaitberger najiuliza alilitazamaje swali hilo. Kama angebaki, angeikana imani aliyotaka kuwarithisha watoto wake. Alipoondoka, aliwaacha wasiipate kabisa. Wako watakaosema kwamba baba mwema angejinyenyekeza kwa ajili ya watoto. Wako watakaosema kwamba Bwana wetu alikwisha kunena juu ya kuacha nyumba na wana kwa ajili yake. Mimi sithubutu kumhukumu, wala sithubutu kulifanya jambo hili kuwa jepesi kwa kumwita shujaa na kupita. Ninalolijua ni kwamba yeye mwenyewe hakuliona kuwa jepesi. Zaidi ya mara moja alivuka mpaka kwa siri na kurudi Salzburg, akihatarisha maisha yake, kuwatafuta mabinti zake na kuwatia moyo ndugu waliobaki. Kila mara alirudi mikono mitupu.

MIAKA YA NÜRNBERG

Wakimbizi hao walipokelewa Nürnberg, mji wa Kilutheri uliojitawala. Kupokelewa hakukuwa sawa na kustawi. Aliyekuwa mchimbaji stadi hakuwa na mlima wa kuchimba, akafanya kazi za mbao kama kibarua, kisha akafanya kazi ya kuvuta waya, ambayo Nürnberg ilisifika kwayo. Haukupita muda mrefu Magdalena akafariki. Baadaye Schaitberger alioa tena, akaendelea kuishi kwa jasho lake, mtu maskini miongoni mwa maskini wa mji.

Ni katika hali hiyo kwamba aliandika. Alitunga wimbo wa mkimbizi aliyefukuzwa kwake kwa ajili ya imani, kwa lahaja ya watu wa milimani, na wimbo huo ukaimbwa na vizazi vya waliofukuzwa baada yake. Tena aliwaandikia barua ndugu zake wa Salzburg. Barua hizo zilichapishwa Nürnberg kama vijitabu vidogo vidogo, na hatimaye zikakusanywa kuwa kitabu kimoja cha vijitabu 24, kilichojulikana kama Waraka wa Kiinjili. Kitabu hicho kilichapishwa tena na tena hata karne ya 19.

Yaliyomo humo ni yale ambayo mchungaji mwema angewafundisha washarika wake: jinsi ya kuyatetea mafundisho kwa Maandiko, jinsi ya kusali nyumbani pasipo kanisa, jinsi ya kuvumilia msalaba, na jinsi ya kujiandaa kufa. Mengine aliyaweka kwa namna ya mazungumzo ya maswali na majibu, ili hata asiyesoma aweze kuyashika akisomewa. Lakini lipo jambo moja alilolirudia kwa nguvu, nalo ni onyo dhidi ya unafiki. Aliwasihi Walutheri wa siri waache kuishi kwa nyuso mbili, wakikubali kwa midomo hadharani yale waliyoyakataa mioyoni.

Onyo hilo halikuwa rahisi kusikika. Aliyeyaandika maneno hayo alikuwa salama ndani ya kuta za Nürnberg, na waliosomewa walikuwa bado chini ya macho ya wakuu wa nchi. Mtu angeweza kumwambia kwamba ni vyepesi kuhimiza ujasiri ukiwa umekwisha kuvuka mpaka. Yamkini lililompa haki ya kusema ni kwamba wote walijua alichokiacha upande wa pili. Mabinti wawili walikuwa ushahidi kuliko wino wowote.

NJIA ZA CHINI KWA CHINI

Vijitabu hivyo viliingia Salzburg kwa siri, vikibebwa na wafanyabiashara wadogo na watu waliovuka mpaka kwa ajili ya kazi. Kukutwa navyo kulileta kifungo na adhabu. Hata hivyo viliendelea kuingia kwa zaidi ya miaka 40, vikasomwa katika nyumba za wakulima na wachimbaji, vikafichwa pale pale zilipofichwa Biblia. Mvuta waya mmoja mjini Nürnberg, asiye na cheo chochote, alikuwa amekuwa mwalimu wa nchi nzima ya milimani.

Matunda yalionekana akiwa bado hai. Mwaka 1727 Leopold Anton von Firmian akawa Askofu Mkuu, akaazimia kuumaliza Ulutheri katika nchi yake. Safari hii watu hawakujificha. Maelfu walijiandikisha waziwazi kuwa watu wa Ungamo la Augsburg. Tarehe 5 Agosti 1731 wawakilishi wao walikutana Schwarzach, na masimulizi ya watu wa huko yanaeleza kwamba kila mmoja alichovya kidole katika chumvi, akakiramba na kuapa kusimama imara. Msomaji wa Biblia atalikumbuka agano la chumvi linalotajwa katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati. Watu waliofanywa kuwa maskini katika nchi iliyotajirika kwa chumvi waliichukua chumvi hiyo hiyo kuwa ishara ya ahadi yao.

Amri ya Firmian ilitolewa kwa tarehe ya 31 Oktoba 1731, siku ambayo Walutheri huadhimisha Matengenezo ya Kanisa. Wasio na mali walipewa siku 8 tu kuondoka, na majira ya baridi yalikuwa yameanza. Watu wapatao 20,000 walifukuzwa. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia aliwaalika mwezi Februari 1732, na wengi wao wakafanya makazi mapya Prussia ya Mashariki. Kundi dogo lilivuka bahari na kufika Georgia, Marekani, mwezi Machi 1734, likiwa na wachungaji wawili, Boltzius na Gronau. Wakajenga kijiji walichokiita Ebenezer, yaani jiwe la msaada. Kanisa lao la Jerusalem, lililokamilika mwaka 1769, lingali likitumika kwa ibada.

Wachimba chumvi wa Dürrnberg nao waliondoka mwaka 1732, mamia ya watu wa mlima ule ule aliozaliwa Schaitberger. Walielekea Uholanzi, katika nchi tambarare ya Cadzand kando ya bahari. Si kila safari ya imani inaishia penye neema machoni pa wanadamu. Hali ya hewa na magonjwa viliwaonea, wengi walikufa, na wengine wakarudi Ujerumani. Historia ya Kanisa isiyoyasema hayo haisemi kweli.

MWISHO WA SAFARI

Katika uzee wake Schaitberger alipewa nafasi katika nyumba ya ndugu kumi na wawili ya Nürnberg, nyumba ya huruma iliyoanzishwa zamani na ukoo wa Mendel kwa ajili ya mafundi wazee wasio na uwezo. Humo aliishi kwa amani miaka yake ya mwisho, akipata chakula, mavazi na muda wa kusali.

Wanaosimulia maisha yake wanaeleza pia habari ya mmoja wa mabinti zake. Alikuwa amelelewa kama wakuu walivyotaka, na alipokuwa mtu mzima alisafiri hadi Nürnberg kumtafuta baba yake, akikusudia kumrudisha katika Kanisa Katoliki. Alimkuta mzee maskini mwenye vitabu vyake. Wakazungumza. Binti hakurudi tena Salzburg, akabaki pamoja na baba yake na kuishika imani yake. Juu ya binti wa pili masimulizi yako kimya, nasi hatuna budi kuuheshimu ukimya huo, kwa kuwa katika maisha ya watumishi wa Mungu si kila kilichopotea kilirudishwa mikononi mwao hapa duniani.

Joseph Schaitberger alifariki Nürnberg tarehe 2 Oktoba 1733, akiwa na umri wa miaka 75. Alikuwa ameishi muda wa kutosha kusikia kwamba watu wa milimani aliowaandikia maisha yake yote walikuwa wameikiri imani yao mbele ya ulimwengu, na kwamba nao walikuwa njiani, wakiuimba wimbo wake.

KUMBUKUMBU NA UPATANISHO

Kwa kuwa katika sherehe zetu tunaketi pamoja na ndugu zetu wa Kanisa Katoliki, ni wajibu wangu kuongeza neno. Karne zile zilikuwa za giza kwa pande zote. Katika nchi za watawala wa Kiprotestanti, Wakatoliki nao walinyimwa ibada, na huko Uingereza mapadre waliuawa. Kosa lilikuwa la wote waliodhani kwamba upanga waweza kuilinda Injili. Mwaka 1966 Askofu Mkuu Andreas Rohracher wa Salzburg aliwaomba Waprotestanti msamaha kwa ajili ya kufukuzwa kwa wazee wao. Tarehe 31 Oktoba 1999, siku na mwezi ule ule wa amri ya Firmian, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia saini mjini Augsburg tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Na Hallein leo lina kanisa la Kilutheri linaloitwa kwa jina la Schaitberger, chini ya mlima aliofukuzwa.

NENO KWA USHARIKA WETU

Tumalizie pale tulipoanzia. Tunapoadhimisha miaka 100 tunahesabu majengo, kengele, kwaya, mitaa na wachungaji waliotumika hapa. Ni vema tuvihesabu, na kumshukuru Mungu kwa kila kimoja. Lakini watu wa Dürrnberg walikaa vizazi kadhaa bila hata kimoja katika hivyo, na Kanisa halikufa. Lilidumu kwa sababu katika nyumba yao kulikuwa na mtu aliyejua kusoma, na palikuwa na wengine walioketi kumsikiliza. Nawaomba wazee wa Kanisa, wainjilisti, walimu wa Shule ya Jumapili na kila mzazi wajiulize swali moja: kama kesho mlango wa kanisa letu zuri ungefungwa, nyumbani mwangu pangesomwa nini jioni ile, na nani angesoma?

Swali la pili ni gumu zaidi, nami najiuliza pamoja nanyi. Sisi hatulazimishwi na mtu kuishi kwa nyuso mbili. Hakuna ngome inayotungoja. Hata hivyo wapo kati yetu Wakristo wa Jumapili asubuhi ambao siku nyingine imani yao imefichwa chini ya sakafu, na pengine wanaoikosa zaidi ni watoto wao wenyewe. Schaitberger alinyang'anywa watoto wake, akawatafuta hata kwa kuvuka mpaka usiku. Sisi watoto wetu tunao mezani kila jioni.

Bwana wetu aliwaita wanafunzi wake chumvi ya dunia. Mchimbaji wa Dürrnberg aliijua chumvi: aliifuata gizani, akaitoa kwa taabu, na alijua kwamba kazi yake ni kuyeyuka na kuingia katika chakula cha wengine bila kuonekana. Mungu Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo atujalie karne ya pili yenye watu wa namna hiyo, wanaume kwa wanawake, wenye joho na wasio na joho, hata siku ile mpaka wa mwisho utakapovukwa na wote waliotengwa wakakutana tena. Amina.